Gitaa Lililozidi Kuwa Jepesi

Rehema,

Mama yako alikuja kutoka Kondoa. Alifikia hapa chumbani kwetu Makole, akalala kwenye kitanda chako, na asubuhi, kabla hata chai haijachemka, akaniambia kilichomleta. Alitaka gitaa lako akalichome. Nyumbani wanasema uzito wake ndio uliokuharibu bega mpaka ukafa, na hataki mtoto wa mtu mwingine alibebe.

Nilibaki nimeshika sufuria. Miaka yote ile ya kusoma uhandisi chuoni pale Chimwaga, na nilichoweza ni kumwomba anywe chai kwanza.

Ngoja nikupe habari nyingine kwanza. Bendi yako imepata mpiga solo mwingine badala yako. Anapiga vizuri, anawahi mazoezi, hagombani na mtu. Simpendi. Nzuguni wamejenga mpaka wameibana karakana ya useremala ya Fundi Yona katikati ya maduka mawili ya simenti, na vumbi lao linatua kwenye vitanda vyake kabla vanishi haijakauka. Analalamika kutwa nzima. Ungemcheka.

Unakumbuka alivyokutania siku ulipompelekea mchoro wa gitaa la umeme? Alikuwa na kipande kinene cha mninga kilichobaki kwenye fremu za milango, akakigeuzageuza, akauliza gitaa lisilo na tundu sauti itatokea wapi. Ukamwambia, "Kwenye waya, fundi." Siku zote alizokuwa akilichonga, kila mteja aliyeingia alionyeshwa kibao cha kukatia nyama cha dada Rehema.

Lilikuwa zito kama mlango kweli. Kila tukitoka kupiga harusini ulikuwa unatembea umeshika bega la kushoto, pale mkanda unapokaa. Tukasema ni gitaa. Nani angesema kitu kingine? Mkanda pale, maumivu palepale. Nikakuambia tulikombe kwa nyuma, tuondoe mbao ya ndani, tuache ukanda mzima katikati wa kuhimili nyuzi, kisha tufunike kwa ubao mwembamba unaofungwa kwa skrubu. Ukaniita Injinia wangu, na jina likanishika.

Tulililaza kifudifudi juu ya magunia pale karakanani. Mimi natoboa kwa drili, matundu yanakaribiana, wewe unamalizia kwa patasi. Unga mwekundu wa mninga ulitujaa puani, tukapiga chafya mpaka Fundi Yona akatuombea dua. Nilikuwa na furaha, Rehema. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Sijawahi kuwa na furaha kama nilivyokuwa nikipima unene wa ule ubao kwa vidole.

Ulilivaa, ukazunguka nalo uani, ukarudi. "Bado, Injinia. Punguza kidogo."

Nikapunguza. Ukapiga harusi nyingine, ukarudi umeshika bega, ukasema bado. Tukafungua skrubu, nikakomba kuelekea ukingoni. Bado. Nikaingia hadi kwenye ile pembe ya juu, pale mkanda unapofungwa; patasi haifiki vizuri, nikatumia kisu. Ukiligonga kwa kidole likawa linaitika kama debe tupu. Fundi Yona akaniambia, "Binti, utatokea upande wa pili." Nikaona fahari. Nilidhani ananisifia mkono.

Kisha ile asubuhi ulishindwa kuinua mkono ufunge mtandio. Daktari akasema ni uvimbe ndani ya mfupa, na kwamba ulikuwepo siku nyingi. Ukanigeukia palepale kwenye benchi la hospitali: "Kumbe tumelionea bure gitaa la watu." Ukacheka. Na mimi nikacheka. Mpaka leo sijui nilichekaje.

Basi nikamweleza mama yako yote hayo. Niliona heri anichukie mimi kuliko kuondoka na uongo. Alinisikiliza akikunja na kukunjua pindo la khanga yake. Nilipomaliza akasema hata yeye, ulipokwenda kwao sikukuu ya Idi, alilikanda lile bega kwa mafuta ya moto na kukugombeza uache kubeba magogo kama mwanamume. Alilishika kwa mikono yake, akasema, na hakujua.

Halafu akalichukua gitaa ukutani. Alijiandaa kwa mikono miwili, likanyanyuka kwa mmoja.

"Jepesi hivi," akasema, "na bado alikuwa analalamika?"

"Ndiyo, mama."

Alililaza kitandani kwako taratibu. Kesho yake nilimsindikiza stendi, akapanda basi la Kondoa mikono mitupu. Kuchoma hakukutajwa tena.

Lile swali la mama yako lilikuwa langu, Rehema. Nilipaswa kuliuliza uliporudi kutoka ile harusi ya kwanza baada ya kulikomba. Mzigo umepungua, maumivu yako palepale. Hesabu gani nyepesi kuliko hiyo? Lakini nilikuwa na patasi mkononi na kazi inapendeza, na kila uliposema bado nilisikia kwamba unaongelea mbao.

Sasa Fundi Yona naye anaumwa mgongo. Anasema ni benchi lake la kazi, liko chini mno, ameniomba nilipachike miguu mirefu. Nimemwambia sitaligusa mpaka aonwe na daktari. Amenuna. "Binti, ni benchi tu," anasema, na kwa wateja ananitangaza kuwa nimegoma kazi.

Pumzika, rafiki yangu. Mola akulaze pema. Sina cha kukurudishia, ila nakuahidi hili: Jumatatu nitampitia nyumbani kwake kabla hajatoka kwenda karakana. Atanisimanga njia nzima na mbele ya manesi pia. Nitakaa naye kwenye foleni mpaka aitwe, niingie naye, na akianza kumweleza daktari habari za benchi, nitamkatisha nimwambie aonyeshe panapouma.

Wako,
Injinia