Trela Yetu ya Kulala, Njia ya Koboko

Mama Zubeda, mke wangu uliyetangulia,

Kaka yako amepiga simu tena. Anataka trela yetu ya kulala ipakiwe kwenye pikapu, iletwe kwenu Koboko, kisha hema la juu yake ling'olewe, nayo ianze kubeba matofali. Anasema mimi ni mtu wa kalamu. Kuvuta trela kwa pikipiki kutaniua. Nimemjibu kwamba nitaivuta mwenyewe hadi kwenye dua yako, na matofali ayabebe kichwani.

Unajua tulivyochekwa hapa Arua. Eti kulala ndani ya trela ni mchezo wa wazungu. Wanasema hivyo watu wanaofunga kitanda, mbuzi na mjomba juu ya pikipiki moja. Niliandika makala ya kuwachapa, wewe ukasoma, ukasema, "Mdomo yako iko sawa. Sasa shika huku," ukanipa mzigo wa vitenge vyako vya kuuza niupange.

Vitenge vizito tuliviweka mbele kidogo ya ekseli ya magurudumu, vyombo vyepesi nyuma, godoro juu. Wewe uliendesha, mimi nilikaa nyuma nikibishana na mgongo wako. Kabla ya matuta ulipunguza mwendo mapema. Mteremkoni hukukamata breki kwa ghafla, maana ulisema trela haina masikio, inakuja tu. Sokoni Omugo ulifungua hema ukachemsha chai, nami nikaona hakuna ikulu inayolifikia lile turubai.

Wamkumbuka yule mzee wa njia ya Kuluba? Alinyoosha fimbo, ukasimama. Kwetu mzee hapitwi barabarani.

"Binti, iko nafasi huko ndani. Mimi nalala tu."

"Baba, huko ndani hapana ya mutu. Kama inaanguka, mimi naambia watoto yako nini?"

"Nyumba iko na magurudumu, lakini inakataa mgeni?"

Nilikuwa najiandaa kumhutubia juu ya usalama. Ukageuza kichwa: "Baba Zubeda, shuka. Mzee anakaa hapo kwako."

Akapanda, akanitazama kwa huruma. "Pole, mwanangu. Bibi yako iko na akili."

Mkaondoka. Nikabaki katikati ya mashamba ya mihogo, nina hoja tele na sina msikilizaji, mpaka uliporudi kunichukua ukicheka hata kofia ya pikipiki ikakushinda kuvua.

Tangu uondoke sijalala humo. Juzi niliingia kufagia, nikakuta harufu ya vitenge vipya bado ipo. Nikakaa sakafuni na ufagio mkononi. Nimeandika dhidi ya wakubwa wa kila namna, lakini kwa kifo chako sijui nimwandikie nani.

Nimekuwa nikijifunza kwenye mteremko wa Mvara, kwanza trela ikiwa tupu, kisha na mizigo. Jana ilianza kuyumba. Sikugusa breki, niliachia mafuta polepole, nikashika usukani bila kuupigania, ikatulia. Nilifungua mdomo nikuambie. Mbele yangu kulikuwa na barabara tu.

Kesho baada ya swala ya alfajiri naondoka, polepole, cheni ya akiba ya kushikilia trela imefungwa, taa za nyuma zinawaka. Nikifika nitalifungua hema uani kwenu na kulala humo, nikukumbuke nitakavyo. Kaka yako akija na nyundo, aanze kung'oa nikiwa ndani.

Mungu akulaze pema, mpenzi wangu.

Mumeo,
Baba Zubeda