Jina Uliloondoka Nalo

Kwako Baba,

Mjukuu wako wa kike ametimiza siku saba leo hapa Arlington, na asubuhi tumemnyoa nywele. Hana jina bado, na sababu ni wewe. Nakuandikia nikiwa na hasira, ingawa najua uko kaburini na barua hii haitafika popote.

Unamkumbuka yule bibi wa Kizungu niliyekuwa nikimhudumia kule Fort Worth? Ulipokuja kututembelea ulichoka kukaa peke yako nyumbani, nikamwomba ruhusa nije nawe. Ukavaa kanzu na kofia ya vito, kama mtu anayekwenda maulidini. Bibi akakupitisha kwenye picha za ukoo wake zilizojaa ukutani: babu wa babu yake seneta, ndugu yake gavana, shemeji yao jaji, wote wa zama za pamba na utumwa. Mimi nikitafsiri. Ulimsikiliza kwa adabu, kisha ukashika ndevu ukaanza yako: wewe mwana wa fulani, naye mwana wa fulani, mpaka Hadhramaut kule Uarabuni, bila kukwama. Bibi akafurahi mno. Mlielewana kuliko mimi na mama mkwe wangu.

Halafu ukanyoosha kidole kwenye picha moja. Pembeni alisimama mwanamke mweusi, amempakata mtoto mchanga wa seneta.

"Hebu muulize, huyu ni nani?"

"Alikuwa mtu wa nyumbani," bibi akajibu. "Walimpenda sana."

Jina lake hakulijua.

Njiani ulicheka. "Ukoo mkubwa vile, na aliyewalea hawamjui jina." Nami nikakuuliza, wala sikuwa na nia mbaya, mama yake babako alikuwa nani, maana sijawahi kumsikia akitajwa. Ukaacha kucheka.

"Alikuwa wa nyumbani."

"Mtumwa?"

"Suria wa babu yangu. Tazama barabara, mwanangu."

"Na jina lake, wewe walijua?"

"Nalijua. Yeye ndiye aliyenilea."

Nilingoja ulitaje mpaka tukafika mlangoni. Ukasema jina lenyewe ni la kitumwa, ukilitaja tu, kila mtu Mombasa ajua limetoka wapi, na heshima yetu imekwenda. Baba, mwanamke aliyekulisha na kukubeba mgongoni. Uliporudi kwetu Mombasa nilikupigia simu sana, na kila nikiligusa jambo hili ulikuwa unaniuliza hali ya hewa ya Texas. Kisha ukafa.

Jana nimempigia shangazi. Yeye hakuwahi kulisikia, walimwita Bibi tu. "Ya nini kufukua, mwanangu?" akaniambia. "Mpe mtoto jina zuri." Nikalia kwa uchungu, maana nilitaka kumpa mwanangu jina hilo hilo mlilolionea haya.

Ninakukumbuka sana, Baba. Nakumbuka ulivyonikalisha gotini ukinifundisha nasaba, na nikipatia unanipa haluwa. Nakupenda, na bado sijakusamehe.

Basi mtoto atachukua jina la mama yako, kama mume wangu anavyotaka. Lakini nasaba nitamfundisha mimi. Akifika kwa baba yako atanyamaza kidogo, mahali pa jina la mama yake, ndipo aendelee. Na wakimuuliza amesahau nini, atawajibu kwamba hajasahau, babu yake hakusema.

Lala salama, Baba. Mungu awarehemu, wewe na yeye.

Binti yako wa mwisho