Maktaba ya Biskuti

Bergen, 14 Januari

Mpendwa dada Torunn,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka kwenye mvua ambayo haijakatika tangu Krismasi. Kikohozi kimekuacha? Na jua, limeanza kuchungulia huko Tromsø, au bado ni giza mchana kutwa, mnaishi kwa taa? Sisi ni wazima wa mwili. Yaliyobaki sina wa kumweleza ila wewe.

Krismasi hii Baba hakutaka nyumba yetu ya biskuti iwe kanisa wala stesheni kama tulivyozoea. Alitoa michoro ya maktaba ya mtaani kwetu, jengo pekee alilosanifu likajengwa, akasema tuoke hiyo, kwa kuwa theluji ikiyeyuka itabomolewa kupisha jengo jipya. Alilisema jambo hilo kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Unajua biskuti ya tangawizi hutanuka ndani ya oveni, kwa hiyo ukuta hukatwa upya ungali moto. Mimi niliuacha ukapoa, nilipoukata ukapasuka. Baba aliniuliza mawazo yangu yalikuwa yamehamia wapi. Nikasingizia usingizi.

Jirani yetu Birger alipokuja kunywa kahawa, aliizunguka meza akauliza kama na hii itavuja kama ile ya kweli. Baba akamjibu kuwa hii haivuji, mradi asiilambe. Walicheka. Kisha Birger akaanza kuwasema hao watoto wa mjini wanaochora jengo jipya, kwamba wanachojua ni masanduku ya vioo tu. Baba akamwambia, "Waache bwana, kila mtu ana kazi yake ya kwanza." Nikaenda kuosha mabakuli yaliyokwisha kuoshwa.

Jana ilikuwa siku ya kuivunja maktaba yetu ya biskuti tuile. Kama kawaida, mdogo wa nyumba ndiye anayeanza, nami nilishika mti wa kusukumia unga, lakini mkono haukuinuka. Baba alisubiri. Halafu akasema kwa upole, "Anza na paa, mwanangu. Si ndivyo mlivyopanga?"

Dada, mchoro wa jengo jipya ni wangu. Tangu kiangazi nimekuwa nikikichora kitu kitakachosimama juu ya kazi ya Baba, na kila Jumapili nimekula chakula chake nikiwa kimya. Yeye alikwisha kuliona jina langu kwenye michoro iliyobandikwa manispaa, kabla hatujakanda hata unga. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwamba alikuwa akiningoja mimi niseme.

Nilipiga. Alikaa akitazama mpaka ukuta wa mwisho ulipoanguka, kisha akaniuliza kama kwenye jengo langu nimewawekea watoto dirisha upande wa kaskazini, wanakosomea, maana mwanga wa huko hauumizi macho. Lilikuwa swali la msanifu kwa msanifu mwenzake, la kwanza tangu nihitimu. Sikuwa nimeliweka.

Mpigie simu Baba ukipata nafasi, mzungumze mambo yenu tu. Msalimie shemeji, na ujifunike vizuri unapotoka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ingvild