Mto wa Mchanga wa Illasit

Mpendwa Mama,

Nina hofu, na wewe ndiye mtu pekee ambaye asingenicheka. Baba anataka kurudi Illasit, kule chini ya Kilimanjaro. Si kwa yule rafiki yake aliyekuwa amekodi shamba la vitunguu, huyo alishahama kitambo. Anataka kurudi mtoni, kwenye ule mchanga mweupe, na anataka twende na Mwende wangu, mjukuu wako uliyemwachia jina. Na huu ni Aprili, Mama.

Nilijaribu kumgeuza. "Baba, si tungoje Agosti kukauke?"

"Agosti sijui kama hizi magoti zitakuwa zinatembea," akaniambia. "Niko na mahali nataka kuona nikiwa bado naona. Na safari hii mama yenu hayuko wa kunikataza."

Akacheka peke yake. Mimi nikaingia jikoni nikajifanya ninaosha vikombe.

Unaikumbuka Kitengela ile tuliyohamia? Wewe uliiogopa tangu siku ya kwanza. Nyumba yetu ilikuwa peke yake uwandani, nyumbu wakipita nyuma ya choo, na simba wa mbugani walikuwa wakija kujichukulia kondoo wa majirani. Jua likianza tu kuinama ulituita ndani, ukabana mlango kwa gogo, ukauliza kama madirisha yamefungwa, halafu ukaenda kuyafunga tena mwenyewe. Baba naye alikuwa ametoka Murang'a kwenye mashamba ya miteremko yaliyobanana, na uwanda ule kwake ulikuwa kama zawadi. Shule zikifungwa tu, alitupakia wote kwenye pikapu, wewe, wanao wawili, mimi na Kamau, na sufuria ya chakula.

"Watalii wanalipa ndiyo waone Amboseli," alikuwa akisema. "Sisi tutaona bure zile hawajui."

Na kweli tuliziona. Alikuwa akiuliza kila mtu, wachungaji, madereva wa malori, akina mama wa shanga pale Namanga. Alisalimu "Sopa," na kwa kuwa hakujua Kimaa kingine, alisimama akitabasamu mpaka mtu amwonee huruma amwelekeze. Ndivyo tulivyoyaona yale maporomoko yaliyojificha korongoni nyuma ya Kitengela, ambayo huyaoni mpaka uwe umesimama juu yake. Ndivyo tulivyoyapata yale mawe meupe nyuma ya Kajiado, na mikuyu imekumbatia mwamba kwa mizizi yake. Kule upande wa Rombo tulikunywa kwenye chemchemi yenye maji baridi mpaka meno yakauma. Na kila mahali wewe ulikuwa unaogopa. Kwenye maporomoko ulitushika mashati, mimi mkono huu, Kamau mkono ule, nasi tukaona uzuri wa Mungu huku kola zinatukaba. Kwenye chemchemi uliogopa nyoka. Baba akakubandika jina la Askari.

"Askari akilala, mwenye duka analia," ulimjibu, na hukucheka.

Nilikuonea haya nyakati hizo. Mama za wenzangu walikuwa wakiketi wakala. Wewe chakula chako kilipoa kila likizo.

Halafu ikaja ile siku ya Illasit. Rafiki wa Baba alituonyesha njia ya kupita nyuma ya mashamba, tukashuka kati ya migunga mikubwa, na ghafla mto ukawa pale, wote mchanga, mweupe na laini, umepinda kama barabara ambayo haijawahi kupitwa na gari. Hewa chini ya ile miti ilikuwa baridi. Kamau alipiga kelele za furaha akajitupa. Baba alivua viatu, akalala chali katikati ya mto, akajifunika uso kwa kofia. Wewe ulibaki juu ukingoni. Ulikaa kwenye ule mzizi wa mgunga uliotokeza nje ya udongo, ukatazama kule mto unakotokea, na hukuushusha mguu hata mmoja.

"Ngoja tule huku juu," ulisema.

Baba hakuondoa hata kofia. "Nyinyi Wakamba mnaogopa mpaka mto haina maji!"

"Kwetu Mwingi mto ni ile haina maji," ulisema.

Yeye alicheka, nasi tukacheka naye. Ningejuaje? Kwao Murang'a mito inasema usiku na mchana, na ule ambao umenyamaza kwake ulikuwa umekufa. Angani juu yetu hakukuwa na wingu. Mlima tu, mto unakotokea, ndio ulikuwa umejifunika, tukasema kumbe leo Kilimanjaro haitaki wageni.

Wewe ndiwe uliyesikia kwanza. Ulisimama. Baba akasema ni lori. Ukamwambia barabara iko ule upande mwingine, halafu ukapaza sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kinywani mwako. "Uka! Uka!" Kwa Kikamba na kwa Kikuyu neno hilo ni moja, njoo, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Mimi na Kamau tulipanda ukingo kwa magoti. Tulipogeuka, Baba alikuwa bado kule chini. Alikuwa anakusanya sufuria, Mama. Anafuta mchanga kwenye viatu. Naomba Mungu nisilione tena jambo kama lile, baba yangu ameinama anafuta viatu, na kwenye kona ya mto kitu cha rangi ya udongo kinakuja na miti ndani yake.

Nawe ukashuka. Wewe ambaye hukuwa umekanyaga hata ukingo wa mchanga ule, ulishuka mbio na leso ikakudondoka, ukamshika mshipi, ukamvuta kama mtu anayevuta ng'ombe aliyekwama. Maji yalipofika yalikushika miguu, na mzizi ule uliokuwa umeukalia ndio ulioushika. Viatu vilikwenda. Sufuria ilikwenda. Mbuzi wa mtu alipita mbele yetu akiwa bado anatutazama.

Baba alianza kwa kucheka, kisha akalia, na mimi sikujua kwamba baba hulia. Tukirudi, ndani ya pikapu, ulitueleza kwa mara ya kwanza na ya mwisho juu ya kaka yako Musyoka, aliyeshuka kuchimba maji mchangani kule Mwingi, akanywesha punda wake, na jua lilikuwa likiwaka. Punda mmoja tu ndiye aliyerudi nyumbani.

Tangu siku hiyo kila tulipokwenda ulituuliza, "Umeangalia juu ya mto?" Ikawa mazoea. Ulituuliza hata tukivuka barabara ya Namanga kwenda kanisani, mahali ambapo hakuna mto. Uliniuliza hata siku nilipokuletea mchumba. Na baada ya kukuzika, nyumba ilinyamaza na hakuna aliyeuliza tena, nami nikaona uoga wako wote umehamia kwangu bila kubisha hodi. Sasa ni mimi ninayefunga madirisha mara mbili.

Niliandika hadi hapa kisha wakaniita tuondoke. Ninaendelea sasa, tumerudi.

Tulikwenda, Mama. Sikuweza kumkatalia. Njia nzima nilikuwa natazama mlima, na mlima ulikuwa umejifunika vilevile. Mwende aliimba, nami nikahesabu mawingu. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba Baba akishuka nitamvuta mshipi hata kama atanitukana mbele ya mtoto. Lakini nilijua pia kwamba sina nguvu zako.

Migunga bado iko. Mchanga bado ni mweupe. Mwende alipouona aliachia mkono wangu, akakimbia.

"Wewe! Simama!" Sikuwa mimi. Alikuwa Baba. Mtoto akasimama pale pale. Mzee akamfikia polepole na fimbo yake, akamshika kola ya gauni, Mama, kola, akamuuliza, "Umeangalia juu ya mto?"

"Hapana, Guka," Mwende akamjibu babu yake.

"Basi angalia."

Wakaangalia wote wawili. Muda mrefu. Kisha hakushuka. Alitafuta ukingoni kwa fimbo, akapapasa majani, mpaka akaupata ule mzizi. Umezeeka, umepasuka upande mmoja. Akaketi juu yake taratibu, akaniambia nimpe chakula, nikampa, akakishika tu mkononi huku akitazama kule mto unakotokea.

"Si umesema unataka kuona mchanga?" nikamuuliza.

"Mchanga niliona," akasema. "Mimi nililala hapo chini nikaona uzuri yote. Hii upande ya mama yenu sijawahi kuona." Akaupapasa mzizi kwa kiganja. "Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nilicheka miaka hiyo yote, na sikujua ni yeye ananilipia hicho kicheko."

Nilikaa karibu naye. Maji hayakuja. Upepo ulipopita kwenye majani nilisimama mara nyingi nikidhani ni yale maji, na kila niliposimama Baba hakucheka, alisimama nami. Sikuionja ladha ya chakula changu. Sasa najua kwamba wewe hukuwahi kuionja ladha ya chakula hata kimoja likizo zote zile, na bado uliingia kwenye pikapu kila Baba alipopiga honi.

Bado ninaogopa, Mama. Mwende ameniuliza kama tutarudi Agosti, nami nimemwambia ndiyo. Pumzika sasa, zamu ni yetu. Chakula cha Baba tulirudi nacho kimepoa.

Ni mimi bintiye Askari,
anayeangalia juu ya mto.