Laptop ya Wegesa

Jumatatu, 3 Machi

Bei za dagaa za Bukima nimeingiza. Za Suguti nusu tu. Umeme ukakatika na laptop yangu ikazima hapo hapo. Betri ilishakufa, mashine inaishi kwa waya. VPN, ile njia salama ya kuingilia mtandao wa kazini, nayo chini, na bila VPN mfumo wa makao makuu Mwanza haufunguki. Nikabaki natazama ukuta.

Mchana meneja kaja na laptop mpya. Moja. Nyembamba, ina zile chipu zinazotumia umeme kidogo, betri inakaa kutwa. Kampa Wegesa. Mimi nimemtangulia kazini hapa Musoma, nikamfundisha hata kutofautisha gredi za sangara. Roho imeniuma, chai nikaiacha.

Jumatano, 5 Machi

Umeme hakuna tangu asubuhi. Wegesa anachapa tu. Fundi wa kompyuta wa Mwanza hajamwekea VPN, kwa hiyo anaandika kwanza, atatuma baadaye. Dereva na mama wa mapokezi wamechomeka simu zao kwenye laptop yake. Wegesa anasema kwao Butiama ukiwekewa ng'ombe wa mtu umtunzie, maziwa hunywi peke yako. Wakacheka wote. Simu yangu ilikuwa imezima. Sikuipeleka. Bora ikae hivyo hivyo.

Meneja katangaza ofisi mpya ya Bunda, kule Manyamanyama. Anatafuta msimamizi. Alisema hivyo akimwangalia Wegesa. Nafasi hiyo naitamani tangu ilipokuwa fununu.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimefurahi, na sababu yake si nzuri. Ijumaa fundi alimwekea Wegesa VPN. Tangu hapo laptop inachemka, chaji haifiki mchana, mtandao unakatika kila saa. Yeye anaamini simu za watu ndizo zilizoinyonya. Ng'ombe amekamuliwa kupita kiasi, anasema. Kazunguka ofisi nzima kuomba radhi, hamchajii tena mtu simu. Mama wa mapokezi kanuna. Mimi nimekula vizuri.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejua kinachomsumbua Wegesa. Niliingia tovuti ya wenye VPN kusasisha ya kwangu, nikaona matoleo mawili. Moja la chipu za kawaida. La pili jipya, limetengenezwa kwa hizi chipu zisizokula umeme. Fundi kamwekea la kawaida. Kumbe kila hatua laptop inalazimika kutafsiri kwanza, kama kanisani kwetu mchungaji anapohubiri Kijita na mkalimani anarudia kwa Kiswahili. Ibada inakuwa mara mbili. Mashine inachoka bure.

Dawa ni kuondoa hili na kuweka lile. Ni kazi ya dakika chache, chai haiwezi hata kupoa.

Nikafunga ukurasa. Yeye alikuwa meza ya pili, anaipepea laptop kwa gazeti.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani nilimtazama mkalimani tu. Mahubiri sikuyasikia kwa lugha yoyote. Kesho nitamwambia.

Jumatatu, 17 Machi

Sikumwambia. Kaja na kitenge kipya, na meneja kamwita "msimamizi wetu" mbele za watu.

Jumatano, 19 Machi

Meneja alikwenda na Wegesa sokoni Bunda kumpima. Bei zilitakiwa Mwanza kabla ya magari ya samaki kupakia. Laptop ikazima mkononi mwake, meneja kasimama pembeni. Bei hazikufika. Wanunuzi wa Mwanza wakachukua mzigo kwingine.

Wamerudi jioni. Meneja naye ni wa ukoo wa wafugaji, na alitumia maneno ya kwao: ng'ombe akikauka boma hili, hupelekwa boma lingine. Akaiweka laptop mezani kwangu.

Wegesa alikuwa amelia, macho yalionyesha. Hata hivyo alifuta kioo cha laptop kwa kanga yake kabla sijaigusa. Akaniambia isikae juani, na simu nyingi nisichomeke. Niliitikia. Nilikuwa na furaha, na niliona aibu kwa kuwa nayo.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeweka toleo jipya. Laptop baridi kama mtungi. Umeme umekatika mara mbili, VPN haikutikisika. Jioni chaji bado tele.

Fundi kaona huko Mwanza kuwa toleo limebadilika, kapiga simu, meneja akaiweka sauti ya nje, ofisi nzima inasikia. Akanisifu. Akauliza nimegundua lini. Ningeweza kusema leo. Ningeweza kusema jana. Lakini sifa zilinipanda kichwani, nilitaka wajue nimemtangulia hata fundi. Nikasema, "Mbona niliona tangu wiki iliyopita."

Meneja akacheka, akasema Bunda ni yangu.

Wegesa akageuka. "Kumbe ulikuwaga unajua." Hakupandisha sauti. Akarudi kwenye laptop yangu ya zamani, ile inayoishi kwa waya.

Nilichokitaka nimekipata. Sina hamu ya kula.

Ijumaa, 28 Machi

Siku ya mwisho Musoma. Jumatatu naanza Manyamanyama.

Umeme umekatika asubuhi. Laptop yangu imejaa chaji. Nimetoa waya mrefu, nikauacha mezani watu wauone. Dereva kapita. Mama wa mapokezi kapita. Wameketi meza ya Wegesa, ambayo haina chaji wala mwanga, wanakula karanga zake. Bado namwonea wivu.

Baadaye nimemwita mwenyewe. "Wegesa, mdogo wangu, lete simu nikuchajie."

"Asante dada, ina chaji."

Simu ilikuwa mbele yake, imezima tangu saa tatu. Nilimwona alipojaribu kuiwasha.

Nimeukunja waya. Bei za Bukima nimetuma zote, na za Suguti.