Kadra Ameshatangazwa

Duka la simu la Ubeid,
Njia ya Tarasaa,
Garsen.

Ijumaa, 9 Mei 2025

Mpendwa mpwa wangu Mukhtar,

Assalamu alaikum, mwanangu. Hali yako? Hali ya Kadra? Baridi ya huko Kanada imewaachia, au bado mnatembea mmevaa magodoro? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama yako ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi. Mimi mjomba wako usiniulize. Majuzi mtu wa Kipini alinikisia nina miaka thelathini na kitu, nami sikumkatalia, kwa sababu si adabu kubishana na mgeni.

Mvua imekuja vizuri. Mto umepanda, lakini haukuingia nyumba zetu. Ulipiga hodi tu ukarudi. Yule fahali wangu mwekundu uliyemwacha ndama, sasa akipita mnadani wanunuzi wananyamaza kama wako msikitini. Wote wananibembeleza niuze, nami nawaambia wamwangalie tu, kuangalia ni bure.

Ubeid atapiga picha barua hii ukurasa kwa ukurasa na kukutumia kwa WhatsApp sasa hivi. Najua utacheka, mjomba anaandika kwa kalamu na simu ipo. Lakini kila tukiongea, nikifika penye neno lenyewe simu inakufa. Karatasi haikatiki. Tena humu ndani limo neno la mama yako, na amesema lazima liandikwe likae, usije ukasema hukusikia.

Kwanza nikupongeze tena kwa huo ukaazi wa kudumu. Mkaazi wa kudumu! Siku niliyolisikia neno hilo nililipeleka mnadani kabla halijapoa. Niliwaambia watu kwamba sasa Mukhtar akikohoa tu, daktari anakuja na gari la king'ora, na nesi nyuma ameshika mwavuli. Kumbe mambo hayako hivyo. Uliponieleza kwamba kadi yenyewe bado iko njiani kwa posta, na kwamba bima ya afya ya mkoa wenu haianzi mpaka miezi ya kusubiri iishe, nilinyamaza. Na mimi kunyamaza, unajua mwenyewe, hiyo ni habari.

Lakini kusubiri karatasi kusikutishe. Unazungumza na bingwa. Nilipopeleka maombi ya kitambulisho nilikuwa na ndama jike mweupe. Kitambulisho kilipofika, yule ndama alikuwa bibi wa watu. Wazee waliokaa kunihoji kama mimi ni mtu wa hapa waliniuliza jina la babu wa babu yangu. Nikawatajia huyo na waliomtangulia, kisha nikawatajia na ng'ombe wao, mmoja mmoja kwa rangi, mpaka karani akaweka kalamu chini akaniomba ninyamaze. Niliishia darasa la tano, lakini siku ile nilitoka pale kama profesa. Karatasi itakuja, Mukhtar. Karatasi haina miguu, ndiyo maana inachelewa, lakini inakuja.

Kuna kitu kimoja tu kisichoweza kusubiri karatasi, na ndicho kilichonikalisha hapa.

Juzi uliniambia miguu ya Kadra imevimba mpaka anavaa viatu vyako. Kichwa kinamgonga tangu asubuhi, na macho yanaona vimulimuli mchana kweupe. Lile neno lenyewe hukulisema. Ulisema tu, “Mjomba, Kadra amechoka.” Mwanangu, mimi nimesimama karibu na ng'ombe wangapi wakizaa? Nikajua.

Na nikajua kwa nini hukusema. Kwa ukoo wetu mimba haisemwi. Mke hasemi, mume hasemi, mpaka mama mkwe mwenyewe akaange buna, zile punje za kahawa, kwa samli, aite majirani, aseme kwa kinywa chake. Kabla ya hapo, hata akiulizwa na dada yake wa tumbo moja, mke husema hapana, ni chakula tu. Na baada ya ile mimba ya kwanza kutoka, mama yako alimwapisha Kadra: safari hii usifungue mdomo mpaka mimi niseme.

Kadra ni mtoto mtiifu. Ndiyo maana yule mama wa ofisi ya kusaidia wageni alipomwuliza mbele ya watu kama ana mimba, alijibu hapana. Mkawekwa pamoja na wazima wanaoweza kusubiri bima ianze. Na wewe mwenyewe uliniambia kwamba mama huyo alitaja kliniki ya mtaa inayopokea waja wazito hata kama kadi zao hazijafika. Mlango ulikuwa wazi, nyinyi mkaupita kwa heshima.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Mwanaarusi, nesi wa Tarasaa. Nilimweleza kiutu uzima, nikasema ni mke wa rafiki yangu.

“Huyo rafiki anakaa wapi?” akaniuliza.

“Mbali.”

“Mbali wapi?”

“Kanada.”

“Mzee Dukicha, wewe Kanada una rafiki gani asiyeitwa Mukhtar?”

Basi nikamwambia yote. Akaacha kucheka. Akasema miguu, kichwa na macho, vikija pamoja kwa mja mzito, hiyo ni presha ya mimba mpaka daktari aseme siyo. Si ya tangawizi, si ya kulala ukaamka. Aende siku hiyo hiyo, kadi iwepo isiwepo, kwa sababu inaweza kumchukua mama na mtoto pamoja.

Mukhtar, kila mtu anajua habari zangu zina chumvi. Hii nimekupa chukuchuku kama nilivyoipokea.

Nilikupigia palepale. Ukanijibu, “Mjomba, Mama hajasema.” Na uliongeza kwamba mkienda sasa mkasema ndiyo, serikali itawaona waongo na kadi itarudishwa njiani. Kisha simu ikakatika. Nikabaki nimesimama barabarani na simu mkononi, hasira nusu na nusu nakuonea fahari. Mtu yuko upande wa pili wa dunia na bado anamngoja mama yake aseme. Lakini fahari hiyo haitamshusha Kadra presha.

Simu ya mama yako haipatikani tangu maji yaje. Nikachukua boda boda mpaka lami ilipoingia majini, yule dereva akagoma, nikavua viatu. Maji yalinifika kifuani. Bishara, huyo dereva, atakwambia yalikuwa ya magotini, usimsikilize, yeye hakuwa ndani yake. Katikati nikakutana na mamba, mrefu kama mtumbwi wa watu sita. Akaniangalia, nikamwangalia. Nikamwambia, “Mimi nina haraka.” Akapisha.

Mama yako alikuwa anakamua mbuzi. Hakuinuka.

“Umefuata nini na maji yote haya?”

“Nimefuata neno.”

“Maneno unayo wewe, Dukicha. Mimi sina.”

“Tangaza mimba ya Kadra.”

“Nani kakwambia Kadra ana mimba?”

“Miguu yake.”

Akaendelea kukamua, lakini maziwa hayakuwa yanaingia kibuyuni. Akasema, “Ya kwanza ilisemwa mapema. Watu wakaitazama, ikatoka. Sitaki macho ya watu juu ya huyu.”

“Huko hakuna anayemjua wa kumtazama. Macho anayoyataka sasa ni ya daktari.”

“Na nikitangaza, ikatoka?”

Nikamwambia tu alivyosema Mwanaarusi, mpaka mwisho wake. Kisha nikamwuliza, “Na ukinyamaza, akaondoka Kadra mwenyewe?”

Mbuzi akaondoka zake, yeye bado ameinama palepale. Halafu akainuka akaingia ndani, nami nikadhani amekwenda kulia. Nikasikia sufuria. Nikasikia samli inaanza kulia motoni. Punde harufu ya buna ikatoka nje, na majirani hawakuhitaji kuitwa, harufu hiyo wanaijua. Walikuja na vitambaa vichwani, wakakaa. Mama yako akasimama mlangoni, akasema, “Mke wa Mukhtar ana mimba. Mwombeeni.” Basi. Mikono ikainuliwa, amina ikaitika, buna ikazunguka. Mimi nilitafuna zangu mpaka punje ya mwisho.

Walipoondoka akanigeukia. “Dukicha, tangu tukiwa watoto nakwambia ufunge mdomo. Sasa ufungue. Kadra akisikia kutoka kwangu peke yangu, atafikiri nimelazimishwa. Nataka aisikie kutoka kwa kila mtu, ajue hakuna tena siri ya kulinda.”

Mukhtar, mimi nimepewa kazi nyingi maishani. Nimewahi kuwa msimamizi wa kisima, nimewahi kushika bendera mbele ya mkuu wa wilaya. Kazi tamu kama hii sijawahi kupewa.

Giza lilinikuta huko, nikarudi leo alfajiri. Nimetangaza njia nzima bila kusimama. Nimemwambia mwenye boda boda, na wauza maembe, na imamu alipokuwa anafungua mlango, na wavulana wa Hewani waliokuja na ndizi zao. Ng'ambo ya maji nilimwona mtu simjui, nikamwambia kwa sauti hivyo hivyo, akanipungia mkono. Nilipofika hapa dukani, Ubeid alinikumbatia akanipa hongera ya mapacha. Sikusema mapacha, wallahi. Habari ilinitangulia, na njiani ilizaa.

Kwa hiyo Kadra ameshatangazwa. Hata akitaka kuficha, anamficha nani? Kuanzia hapa mpaka Kulesa watu wanamwombea mtu mwenye mimba, na wengine wanamwombea mwenye mbili.

Sasa sikiliza ya serikali. Sheria za huko sizijui zote, nazijua nusu tu. Lakini uongo naujua, hata wewe unajua kwamba naujua, na kusema hapana kwa adabu siyo uongo wa kumfungia mtu mlango. Mwambieni yule mama kama ilivyo: kwetu mke hasemi kabla ya mama mkwe, na mama mkwe alikuwa hajasema. Jana amesema. Akitaka ushahidi, mwonyeshe barua hii. Akitaka shahidi, ampigie Ubeid, nitazungumza naye mwenyewe, na nikianza kumtajia mababu atawapa kila kitu ili nikate simu.

Kabla ya ofisi, lakini, daktari. Ofisi inaweza kungoja. Nenda kliniki ile uliyoitaja, na wakisema hali ni mbaya nenda hospitali kubwa usiku au mchana. Chukua zile karatasi zenu za kuingia nchini, na za yule tabibu aliyemtibu Kadra mimba ya kwanza ilipotoka, na maji ya kunywa. Usiende na wazo la gharama kifuani. Hilo tutalibeba huku tukiwa wengi, na fahali yupo. Nilisema simuuzi, ndiyo. Wanaomtazama bure wamemtazama vya kutosha.

Neno la mama yako ni hili, nimeliandika kama alivyolitoa, na sikuongeza hata nukta: “Kadra mwanangu, nilikufunga mdomo kwa sababu ya hofu yangu. Nimeufungua. Ukiulizwa, sema ndiyo. Ukiulizwa tena, sema ndiyo kwa nguvu. Mtoto akikaa, ni wetu. Asipokaa, wewe bado ni wetu. Usinifie kwa adabu.”

Nilipomaliza kuliandika jana kule kwake alinitaka nimsomee. Nikamsomea. Akasema sawa, akatoka nje kuwatazama mbuzi, na mbuzi hawakuwepo.

Mwanaarusi nesi anakusalimu, anasema usimtanie tena kwa kunituma mimi. Ubeid anakusalimu na anauliza kama huko kuna jua. Imamu anakusalimu. Majirani wote wa mama yako wanawasalimu, wakubwa kwa wadogo, na wanakuambia buna ilikuwa nzuri.

Mungu awakinge nyinyi wawili na huyo wa tatu, awape watu wema kila mlango mtakaobisha, na hizo kadi zikija zimkute Kadra ameketi anakula, mzima.

Mimi sitoki hapa dukani. Ubeid ameshaninong'oneza kwamba anafunga kwa ajili ya sala, nikamwambia nitasali mlangoni. Sitaki uniandikie ukurasa, sitaki picha za theluji. Nataka neno moja tu, lile Kadra aliloambiwa aseme, na kwamba amelisema mbele ya daktari.

Ni mimi mjomba wako, mwenye mapenzi yasiyojua kunyamaza,

Dukicha