Jicho la Mama na hongo ya matobolwa

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Joto la Tabora ni kavu, midomo inapasuka. Juzi homa ilinipeleka hospitali binafsi. Wakasoma kadi yangu ya bima, nikapata dawa zote, nikatoka bila kuzoeana na mtu.

Leo nimekwenda hospitali ya serikali kumwona mama wa mwenyeji wangu, aliyepasuliwa jicho kama atakavyopasuliwa Mama. Dawa ya matone haikuwepo, jamaa zake wametumwa kuinunua nje. Bibi Mnyamwezi wa kitanda cha jirani aliposikia mimi ni Mzaramo, mtani wake, akaninyang'anya matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa nilivyomletea mgonjwa.

"Babu zako walitutoza hongo tukipeleka mizigo pwani, mtani. Leo natoza mimi."

Wodi nzima ikacheka. Kisha kipande cha kwanza akamlisha yule aliyefungwa jicho.

Nilikuwa nimeshaamua Mama atibiwe hospitali binafsi kwa bima yangu. Sasa sijui. Muulize mwenyewe kabla ya Ijumaa, nipate kupanga hospitali: akiwa kizani, angependa dawa iwe karibu, au mtani?

Mshike mkono akivuka barabara. Nimewakumbuka nyote.

Mdogo wako,
Zuhura